Wembe Ukidai Nguvu, Simama: Maswali Yenu Kuhusu Wembe wa Kukunja

Maswali ya safari hii yote yametoka kwa watu wanaojifunza kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule wa makali marefu unaofunguka kutoka kwenye mpini wake. Wengi mnaulaumu mkono wenu. Mara nyingi mkono hauna kosa. Wembe wenye makali kamili, juu ya ndevu zilizolowa vizuri, hukata kwa uzito wake wenyewe. Ukiona inabidi uusukume, kuna jambo limeharibika kabla wembe haujagusa shavu, na ndilo la kutafuta.

Nimenunua wembe mpya kabisa, umeandikwa Solingen, lakini unavuta ndevu hadi machozi yananitoka. Nikikaza mkono, unanikwaruza. Kosa ni la wembe au langu? (Msomaji, Arusha)

Anza kushuku makali. Wembe mpya, hata uliotoka Solingen kwenyewe huko Ujerumani, mara nyingi huuzwa ukiwa umenolewa kwa mashine tu, bila kumaliziwa kwenye kinoo laini. Unakata karatasi, unakata kidole, lakini ndevu hauziwezi. Muuzaji akisema "uko tayari", muulize nani aliunoa na kwa kinoo namba ngapi (namba ikiwa kubwa, kinoo ni laini zaidi). Asipokuwa na jibu, jua hauko tayari.

Upime hivi. Shikilia makali kama milimita 5 juu ya ngozi ya mkono wako, uyapitishe taratibu kwenye malaika bila kugusa ngozi. Wembe uliokamilika hukata ncha za vinyweleo hivyo kimya kimya. Rudia mara tatu: kwa sehemu ya makali iliyo karibu na mpini, kwa ya katikati, na kwa ile ya nchani. Wembe mpya mara nyingi hufaulu katikati na kushindwa pembeni, na huko pembeni ndiko kunakokuvuta ndevu. Usiyapime makali kwa kuyaburuza juu ya ukucha. Utayaharibu palepale unapoyapima.

Ikiwa wembe umefaulu kote na bado unavuta, tazama maji. Unywele mkavu ni mgumu mno. Ukikaa kwenye maji dakika 2 au 3 hunyonya, huvimba na kulegea, na nguvu ya kuukata hupungua sana. Kwa hiyo nawa uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, usiufute, kisha zungusha brashi yenye povu kwa dakika 2 nzima. Halafu paka povu tena upande unaoanza nao. Na zima feni! Kwenye chumba chenye joto na feni inayopuliza, povu hukauka kwa muda mfupi sana, na anayejifunza huchukua muda mrefu kwenye shavu moja tu. Povu likipoteza mng'ao wa maji, paka jingine kabla hujaendelea.

Kisha mlalo wa wembe. Ulaze bapa kabisa shavuni, halafu inua mgongo wake mpaka nafasi kati ya mgongo na ngozi ilingane na unene wa mgongo wenyewe, au uzidi kwa nusu yake. Kwa wembe wa kawaida wenye upana wa milimita 16 hivi, hiyo ni kama nyuzi 20 hadi 30. Wembe uliolala mno huteleza na kuvuta, na uliosimama mno hukwangua ngozi. Kabla ya kuongeza nguvu hata kidogo, badilisha mlalo kwanza.

Mashavu nayaweza. Nikifika kidevuni najikata kila siku, palepale. (Msomaji, Nakuru)

Shavu ni uwanja tambarare. Kidevu kimepinda pande mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mlalo uliouanza nao juu umeshabadilika sentimita moja chini yake. Usijaribu kukizunguka kwa mkato mmoja. Kata vipande vifupi vya sentimita 1 hadi 2, inua wembe, upange upya mlalo, kata tena.

Ngozi ndiyo inayoamua zaidi. Kwa sehemu ya mbele ya kidevu, vuta mdomo wa chini juu ya meno na uubane, kidevu kinyooke. Kwa pembeni, tumia kidole cha mkono mwingine kuisogeza ngozi ya kidevu kuelekea kwenye taya, ambako ni tambarare, uinyolee huko. Vidole vikiteleza, vifute au visugue kwa shabu. Shabu hushika vizuri kuliko taulo.

Angalia pia unavyoushika. Vidole vitatu vikae juu ya ile sehemu nyembamba kati ya makali na mpini, kidole kidogo kwenye mkia uliopinda, na dole gumba chini, karibu na makali yanapoanzia. Mpini uwe umesimama kuelekea juu. Ukiukumbatia kama kisu cha jikoni, kifundo cha mkono ndicho kitakachoamua mlalo, nacho hakina adabu hiyo.

Na kuna kosa moja ambalo ndilo hasa linaloleta damu: wembe kwenda pembeni. Makali yakisogea mbele, hunyoa. Yakiteleza kwa urefu wake huku yamegusa ngozi, hata milimita 2, huchinja. Kidevuni mtu hufanya hivyo bila kujua, kwa sababu kiwiko kimegonga ubavu na mkono umepinda. Inua kiwiko kabla ya kuanza, na ukisita katikati ya mkato, utoe wembe usoni moja kwa moja. Usiutelezeshe.

Kila nikiupitisha kwenye mkanda wa ngozi ndio kwanza unazidi kuwa butu. Natumia mkanda wangu wa zamani wa suruali. (Msomaji, Dodoma)

Mkanda wa suruali si dhambi, mradi uwe ngozi halisi, usiwe na mishono pembezoni wala rangi inayobanduka. Ile "ngozi" ya plastiki haifai kabisa. Lakini tunadhani tatizo lako liko kwenye namna unavyogeuza.

Ukitazama makali kwa kioo cha kukuzia baada ya kunyoa, utaona si mstari ulionyooka. Yamepindapinda kidogo huku na huku. Mkanda huyanyoosha. Ndiyo maana wembe huenda ukitanguliza mgongo, makali yakifuata nyuma, kinyume na kwenye kinoo. Mgongo na makali vyote viguse ngozi muda wote. Ukiinua mgongo hata kidogo, unayakunja makali badala ya kuyanyoosha.

Sasa mgeuko. Wengi hugeuza wembe wakati bado unakwenda. Mkono unakaribia mwisho, mgongo unanyanyuka, na robo ya sentimita ya mwisho makali yanaburuzwa yakiwa yamesimama. Hapo ndipo kazi yote inapoharibika. Fika mwisho, simama kabisa, geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake kwa dole gumba na kidole cha shahada (mgongo usitoke kwenye ngozi), ndipo urudi. Polepole. Kasi itakuja yenyewe, na hata isipokuja hakuna ulichopoteza.

Mkanda uvutwe uwe umenyooka. Ukilegea, unajikunja kuyafuata makali na kuyaviringisha. Uzito ni wa wembe peke yake. Kama mkanda ni mwembamba kuliko urefu wa makali, nenda mshazari ili sehemu yote, kuanzia karibu na mpini hadi nchani, ipate zamu yake. Kabla ya kunyoa, kwenda na kurudi 20 hadi 30 kwenye turubai au kitani safi, kisha 40 hadi 60 kwenye ngozi. Baada ya kunyoa, 10 kwenye kitambaa tu, kuondoa maji yaliyojificha kwenye makali.

Usipake dawa ya kunolea, ile ya kijani ya oksidi ya kromiamu, kwenye mkanda wa kila siku. Hiyo inataka mkanda wake wa pembeni, na hutumika mara chache.

Navunja wembe wa dukani nusu na kuuweka kwenye kishikio, kama vinyozi wanavyofanya. Je, ni sawa kujifunzia? (Msomaji, Kampala)

Ni sawa, na unakuondolea kazi ya mkanda na kinoo. Ila jua kwamba hausamehe. Ule wembe ni mwepesi na mkali kuliko makali ya kinoo, na kona zake mbili huuma. Uulaze zaidi kidogo kuliko wembe wa kukunja wa kawaida, na usibonyeze kabisa. Uvunje ukiwa bado ndani ya karatasi yake, ukiukunja kwa urefu, ili vidole visiguse makali. Badilisha baada ya kunyoa mara 2 au 3. Nusu iliyobaki itumie wewe mwenyewe, usimpe mtu.

Naishi pwani na maji yetu ya kisima yana chumvi. Sabuni haitoi povu hata nikizungusha brashi robo saa. (Msomaji, Mombasa)

Hayo ni maji magumu. Madini yake, hasa kalsiamu na magnesi, hushikana na sabuni na kufanya utando mweupe usioteleza. Kuongeza sabuni hakusaidii sana. Weka pembeni maji ya mvua au ya chupa. Nusu glasi inatosha kwa brashi na povu, na maji ya kisima yabaki kwa kusuuza. Chovya brashi, ikung'ute mara 2 au 3 isidondoke, izungushe juu ya sabuni kwa nusu dakika hivi, kisha ongeza maji matone machache kwa wakati mmoja huku ukiendelea kuzungusha usoni. Matone 3 au 4 ya gliserini ya dukani huzuia povu lisikauke.

Povu zuri halina mapovu makubwa yanayoonekana. Ni zito, laini, linang'aa. Likisimama kama mlima na kukauka juu, linahitaji maji. Likitiririka shingoni, limezidi maji. Sabuni ya kuogea hutoa povu jepesi linalokufa upesi, kwa hiyo tafuta ya kunyolea hasa.

Shingo yangu imejaa vipele. Nilitegemea wembe wa kukunja ungevimaliza, lakini naona vinaongezeka. Video zote zinasema nivute ngozi na nipitishe raundi tatu. (Msomaji, Dar es Salaam)

Hili ndilo swali lililoletwa na wengi kuliko yote, na tunaomba mlisome bila haraka, kwa sababu sehemu kubwa ya mafundisho yanayosambaa yametolewa na watu wenye ndevu zilizonyooka.

Unywele uliojikunja hutoka kwenye shina lililopinda ndani ya ngozi. Ukiukata, unabaki na ncha kali ya mshazari. Hapo kuna njia mbili za kuzaa kipele. Ya kwanza, unywele hukua nje, hujipinda, na ncha yake huingia tena kwenye ngozi pembeni. Ya pili ni ya siri zaidi: umevuta ngozi kwa nguvu na kukata kinyume na ulalo wa nywele, ukaukata unywele ukiwa umechomoza. Ukiachia ngozi, unywele hurudi chini ya uso wa ngozi, na unapoanza kukua hutoboa ukuta wa tundu lake humohumo ndani. Mwili huuona kama mwiba, na eneo hilo huvimba.

Wembe mmoja una nafuu kuliko zile za nyembe tatu au tano, ambazo wembe wa mbele huunyanyua unywele na wa nyuma huukata chini zaidi. Lakini ukivuta ngozi na kupitisha raundi tatu, ya mwisho ikiwa ya kinyume, umefanya kazi ileile kwa mkono wako.

Kwa hiyo, kwanza acha kunyoa. Vipele vikiwa vimewaka, mwezi mmoja bila wembe ndio dawa. Ndevu zikikukera, zipunguze kwa mashine ukiacha milimita 1 au zaidi. Unywele ulioingia ndani na unaonekana kama kitanzi, uinue ncha yake kwa sindano safi iliyopanguswa kwa spiriti. Uinue tu, usiung'oe, maana utakaoota mahali pake utaanza upya safari ileile chini ya ngozi.

Wakati unangoja, chora ramani. Ndevu zikiwa na siku 2, pitisha kidole kikavu kila upande. Kunakoteleza ndiko zinakolala, kunakokwaruza ni kinyume. Shingoni watu hushangaa, kwani kwa wengi nywele za chini ya taya hulala ubavu, au hupanda juu upande mmoja na kushuka upande mwingine. Chora kwenye karatasi, uibandike karibu na kioo.

Ukirudi kwenye wembe, raundi moja tu, ukifuata ramani. Ngozi inyooshwe kiasi cha kuondoa mikunjo, isivutwe ikawa ngoma. Usirudie mahali ambapo povu limeshaondoka. Jioni ya kabla yake, sugua shingo taratibu kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, kwa mizunguko, kuzinasua ncha zinazoanza kujipinda. Baada ya kunyoa utapapasa na kuhisi ukakasi. Uache hapo hapo. Shingo yenye ukakasi kidogo na isiyo na vipele ni bora mara mia kuliko laini ya siku moja inayofuatwa na wiki mbili za mateso, na hatuoni haya kumwambia mtu mwenye ndevu za aina hii kwamba raundi ya kinyume si yake.

Jihadharini na krimu za kuondoa vipele zinazouzwa bila maelezo. Nyingine zina steroidi. Huondoa uvimbe haraka, lakini ukizipaka miezi kadhaa ngozi huwa nyembamba na dhaifu. Vipele vikitoa usaha, au vikiacha makovu magumu yanayokua, mwone daktari wa ngozi.

Naweza kumpa wembe wangu yule mnoa visu anayepita mtaani na baiskeli? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Kazi yake kwa visu na mapanga ni nzuri, lakini lile jiwe linalozunguka huleta joto. Makali ya wembe ni membamba mno, yakipata joto kiasi cha kugeuka bluu, chuma kimelegea na hakitashika ukali tena. Jambo la pili ni mgongo. Mgongo wa wembe umetengenezwa kwa unene maalumu ili wembe ukilazwa bapa kwenye kinoo, mgongo na makali vikigusa pamoja, pembe ya makali ijitokeze yenyewe. Jiwe la baiskeli halijui habari hiyo.

Wembe ulioharibika huanzia kwenye kinoo namba 1000, kisha 3000 hadi 5000, kisha 8000, na kumaliziwa 12000. Huhitaji vyote. Wembe uliokwisha nolewa vizuri na unaotunzwa kwenye mkanda, ukinyolea kila siku, utahitaji kurudi kwenye kinoo cha mwisho kila miezi 2 au 3 hivi, kwenda na kurudi mara 10 hadi 15, makali yakitangulia, uzito wa wembe tu. Kinoo kiwe tambarare kabisa. Kikianza kuzama katikati, kisugue kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo.

Wembe wangu umeota madoa ya kahawia ndani ya wiki mbili. Naufuta kila mara. (Msomaji, Tanga)

Unaufuta pembeni, lakini maji yamebaki kwenye makali yenyewe na kwenye msumari wa mpini. Nyembe nyingi za kukunja ni za chuma cha kaboni, na hewa ya pwani haina huruma nacho. Unaposuuza, mpini usilowe. Kausha kwa karatasi laini ukitoka mgongoni kuelekea kwenye makali, kisha mikato 10 kwenye kitambaa, uuache wazi saa chache nje ya bafu, halafu pitisha tone moja la mafuta ya cherehani. Madoa ya juu hutoka. Vishimo vilivyofika kwenye makali ni habari nyingine: hapo itabidi makali yanolewe upya mpaka vishimo viishe.

Namnyoa baba yangu, ana miaka themanini na ngozi imelegea. Anataka wembe wa kukunja kama alivyozoea kwa kinyozi wake. Nifanyeje? (Binti yake, Unguja)

Mpe mzee shikamoo zetu. Dada, kwanza uliza dawa anazotumia. Kama anameza dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, au ngozi yake huchubuka kwa kuguswa tu, usitumie wembe wa wazi. Mashine ya umeme au wembe wenye kinga vinatosha, na povu la moto na taulo vitampa ile raha anayoikumbuka.

Kama daktari hana pingamizi, mketishe kichwa kikiegemea, simama pembeni yake na si mbele, na unyoe mashavu tu ukifuata ulalo wa nywele. Ngozi iliyolegea ivute juu, kuelekea kwenye sikio, kwa kiganja kizima. Zungumza naye kabla ya kuweka wembe, na ukiwa umeuweka, mnyamaze wote wawili. Shingo na chini ya pua mwachie wembe wenye kinga.

Na uwe wembe wake peke yake, pamoja na mkanda wake. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata damu ikiwa imekauka, na mkanda wa ngozi hauwezi kuchemshwa.

Nikijikata nifanye nini? (Msomaji, Muscat)

Suuza kwa maji baridi, kisha bonyeza kipande cha shabu kilicholoweshwa kwa nusu dakika. Shabu hiyo isiguswe na mtu mwingine. Usiendelee kunyoa eneo hilo siku hiyo, na lisipate wembe mpaka gamba lidondoke lenyewe. Mkato mrefu usisuguliwe shabu: kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua kuchungulia. Kama damu bado inatoka baada ya hapo, au kingo za kidonda zimeachana, nenda ukashonwe.